Weka Mkasi Chini Kwanza: Mhadhara wa Mwanzo wa Vuli

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua wengi wenu mmenisikia nikilisema hili mwaka jana na mwaka juzi. Nalirudia kwa sababu bado naliona likitendeka. Ikifika tu wiki ya kwanza ya vuli, mtu anaingia bustanini na mkasi wa kupogolea kama anayefunga duka jioni. Anakata kila shina lililoinama, anafagia kila jani, anapindua vyungu, anafunga lango na kuaga mpaka majira ya kuchipua. Huku nyuma maua yake ya asta hayajafungua hata nusu ya matumba!

Nikisema vuli leo, sisemi mvua za vuli. Nasema majira ya kupukutika majani, ambayo huanza Septemba kwa walio kaskazini mwa dunia na Machi kwa walio kusini. Tuliache hapo, maana kila mwaka neno hili hutupotezea robo saa.

Ombi langu ni lile lile. Weka mkasi chini kwa wiki 3. Chagua ua moja tu, kaa mbele yake dakika 10 kila siku, na daftari mkononi. Mnaniuliza namna ya kuyapokea majira haya. Mimi sijui namna nyingine inayoshinda hiyo.

Nawaambia nilivyoipata. Mwaka mmoja niliteguka kifundo cha mguu mwishoni mwa Agosti. Kuinama siwezi, kushika reki siwezi. Nikawekewa kiti kando ya kichaka cha asta, zile ndefu za zambarau zenye kitovu cha manjano, nikaachwa hapo na daftari. Siku ya kwanza nikachora ua kwa dakika 2: duara, petali pembeni, bua, basi. Siku ya pili mvua ilinyesha. Siku ya tatu nikaufungua ule mchoro, nikatazama ua lenyewe, nikaona kwamba havifanani hata kidogo. Nilichokuwa nimechora ni ua lililokaa kichwani mwangu tangu utotoni. Lililokuwa mbele yangu sikuwa nimelitazama kabisa.

Nikaanza upya. Na hapa naomba mnivumilie, maana sehemu hii siwezi kuikatisha.

Ua la asta si ua moja. Ni kusanyiko la maua. Zile petali za pembeni, kila moja ni ua linalojitegemea. Ivute taratibu, utaona chini yake kitu cheupe, kidogo kama ncha ya sindano, ambacho kitakuja kuwa mbegu. Na kile kitovu cha manjano ni maua madogo mengi yaliyobanana, kila moja lina umbo la tarumbeta yenye ncha 5. Hayafunguki kwa pamoja. Huanza yaliyo ukingoni, kisha mzunguko wa ndani yake, kisha wa ndani zaidi, mpaka katikati kabisa. Na yakishamaliza kazi yake, manjano huondoka na wekundu wa zambarau huingia. Kwa hiyo ukilikuta ua lenye pete nyekundu nje na manjano ndani, unaweza kusoma umri wake bila kuuliza mtu. Nilikuwa nimezipanda asta hizo mimi mwenyewe, nikazimwagilia miaka 4, na hilo sikulijua. Kila mwaka nilikuwa nazikata mapema.

Siku ya sita niliamka mapema, kuna baridi na umande mzito. Juu ya ua langu alilala nyuki, mmoja wa wale wakubwa wenye manyoya wanaovuma kwa sauti nzito. Nilidhani amekufa. Manyoya ya mgongo wake yalijaa vitone vya maji, miguu imekumbatia kitovu cha ua. Nikamchora kwanza, maana daftari lilikuwa wazi. Jua lilipomfikia, tumbo likaanza kupanda na kushuka haraka, halafu mwili mzima ukatetemeka huku mabawa yametulia. Nyuki hawa hawawezi kuruka mpaka misuli ya kifuani ifike joto la nyuzi 30 hivi za Selsiasi, basi huitetemesha ili ipate moto. Madume yao hayana kiota cha kurudi. Hulala nje, juu ya maua. Baada ya dakika kadhaa akajikung'uta, akapita juu ya ile pete nyekundu bila kusimama, akaenda moja kwa moja kwenye manjano na kuchomeka ulimi.

Sasa fikirini kidogo. Wakati huo huo wa mwaka, malkia wapya wa nyuki hao wanajishindilia mbochi, ule utamu wa maua, na chavua. Malkia mzee na wafanyakazi wote watakufa kabla ya baridi kali. Anayebaki ni malkia mpya peke yake, amejichimbia udongoni miezi kadhaa, akiishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini kutoka kwenye maua ya mwisho. Asipopata maua ya mwisho, hakuna koloni mwaka unaofuata. Na wewe uko pale na mkasi, unasema unasafisha! Samahanini kwa sauti, lakini jambo hili linanikera na sitaki kulificha.

Naona mtu pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: majani yenye ugonjwa je? Waridi lenye madoa meusi je? Hayo okota, toa bustanini, sikuzuii. Majani ya ugonjwa yakibaki chini ya waridi, kuvu hungoja hapo hapo mpaka mwaka ujao. Ninachokataa ni kukata kilicho kizima kwa sababu tu kimeanza kuzeeka. Bua tupu la mwaka huu ni nyumba ya wadudu wadogo. Kichwa cha alizeti kilichoinama ni ghala la ndege.

Mwingine husema vuli ni majira ya huzuni, maua yake ni ya kuaga. Huyu namjibu kwa krisantemu, ua la vuli. Mwaka 1920 watafiti wawili wa Marekani, Garner na Allard, walichapisha jibu la fumbo lililowasumbua muda mrefu. Walikuwa na aina ya tumbaku iliyorefuka kupita kiasi wakati wa kiangazi bila kutoa ua hata moja. Walijaribu hili na lile. Mwishowe wakaitia mimea kwenye kibanda chenye giza kila alasiri na kuitoa asubuhi, ili mchana wake uwe mfupi. Ikachanua katikati ya kiangazi. Ndipo ikajulikana kwamba mimea mingi husoma urefu wa siku. Miaka 18 baadaye watafiti wengine, Hamner na Bonner, wakaonyesha kwamba kwa mimea ya namna hiyo kinachopimwa hasa ni usiku: ukiukatiza usiku mrefu kwa mwanga wa muda mfupi tu, mmea hautoi ua.

Krisantemu iko kundi hilo hilo. Haichanui licha ya giza kuongezeka. Huchanua kwa sababu giza limeongezeka. Kwa walio kwenye latitudo ya nyuzi 50 hivi, karibu na ile siku ambayo mchana na usiku hulingana, mchana hupungua kwa karibu dakika 4 kila siku, yaani karibu nusu saa kwa wiki. Sisi tunalalamika jua linazama mapema. Krisantemu ndiyo kwanza inapata ilichokuwa ikingoja tangu kiangazi.

Dada mmoja aliniletea shida yake: krisantemu zake za kando ya mlango hazitoi matumba, za nyuma ya nyumba zimejaa. Mbolea moja, udongo mmoja. Nikamwuliza, mlangoni pana taa? Ipo, inawaka usiku kucha. Nikamwambia azime. Basi na nyinyi, mkirudi nyumbani, tazameni taa zenu za nje kabla ya kulaumu udongo.

Nimeulizwa pia: mimi sijui kuchora, nifanyeje? Andika. Lakini katika daftari hilo neno "zuri" ni marufuku, na "pendeza" pia. Ukiandika ua ni zuri, umeshaliacha, umeanza kuzungumza juu yako. Andika petali ya tatu kutoka kushoto imekunjika ncha. Andika rangi yake ni ipi saa 1 asubuhi na ni ipi saa 11 jioni, maana zambarau hubadilika sana jua likilala. Andika swali moja usilolijua jibu lake. Baada ya siku 10 utakuwa na kurasa ambazo shairi linaweza kuanzia, au mchoro, au barua kwa mtu. Wengine wenu mmekuwa mkiniambia hamna cha kuandika. Mnacho, mmekifunika kwa reki.

Naambiwa muda umekwisha, na sijagusa majani. Haraka haraka, basi. Manjano ya jani yalikuwemo tangu mwanzo. Umbijani, ile rangi ya kijani ya jani, ukivunjika ndipo yanaonekana. Wekundu ni habari nyingine, huo mara nyingi hutengenezwa upya wakati huo huo, hasa mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi bila jalidi, yaani umande ulioganda. Na kabla ya kuliachia jani, mti hurudisha ndani sehemu kubwa ya naitrojeni yake. Ningependa saa nzima juu ya hilo. Haipo. Maua ya dalia: ziacheni zichanue mpaka jalidi iyapige majani yawe meusi, kisha ndipo muinue viazi vyake. Matunguu ya majira ya kuchipua pandeni sasa, mpangilio tutauzungumza siku nyingine.

Moja siwezi kuliruka, kwa sababu ni la usalama. Mwanzo wa vuli huchomoza ua la waridi-zambarau lisilo na jani hata moja, kolkikamu. Linafanana sana na ua la zafarani, nalo pia ni la vuli. Msibahatishe. Zafarani ina stameni 3, yaani vijiti vyenye chavua, na zile nyuzi 3 nyekundu. Kolkikamu ina stameni 6. Kolkikamu ina sumu kali, ua, jani na tunguu. Hesabuni kabla ya kugusa, na watoto waelezeni.

Madaftari yako pale mezani, penseli zimechongwa. Jua linazama baada ya dakika 40 hivi. Tokeni nje sasa, kila mtu na ua lake, na yule mwenye mkasi mfukoni naomba auache mezani anapochukua daftari.