Mwalimu, mwanafunzi na 5G: hisabati iliyomo ndani ya simu yako

SALMA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Salma, na niko na kaka Fadhili, ambaye kazi yake ni mitambo ya simu. Tuliahidi kuzungumzia 5G, na ujumbe ulioingia ni mwingi kweli. Karibu wote mnauliza kitu kimoja: kasi.

FADHILI: Asante, dada Salma. Kasi nitaigusa, haikwepeki. Ila leo naomba tuingie ndani zaidi, tufike kule ambako 5G ilitengenezwa hasa. Sehemu ninayoipenda kuliko zote huwezi kuiona ukiutazama mnara. Ni hisabati, na imetoka kwa watu wawili waliokuwa mwalimu na mwanafunzi wake.

SALMA: Hao tutafika kwao. Kwanza, nani alikaa akasema "sawa, hii sasa ni 5G"? Mtaani watu wanadhani kuna kampuni moja iliyoibuni.

FADHILI: Hakuna kampuni iliyoibuni peke yake. Juu kabisa kuna ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, lenye makao Geneva. Wao waliandika masharti: kilele cha kasi kifike gigabiti 20 kwa sekunde, eneo la kilomita moja ya mraba liweze kuhudumia vifaa milioni moja, na simu isikatike hata ikiwa ndani ya treni ya kilomita 500 kwa saa. Kutengeneza kitu kinachotimiza masharti hayo ni kazi ya 3GPP, muungano wa mashirika ya viwango ya Ulaya, Marekani, China, Japani, Korea Kusini na India. Wahandisi wa makampuni wanakutana nchi hii, mwezi mwingine nchi ile, wanabishana kipengele kwa kipengele. Toleo la kwanza la 5G linaitwa Toleo la 15. Kipande chake cha mwanzo kilipitishwa Lisbon Desemba 2017, na kilichobaki Juni 2018.

SALMA: Hiyo gigabiti 20, mtu wa Mbagala ataiona?

FADHILI: Hataiona. Hicho ni kilele, simu moja ikiwa katika hali nzuri kupita kiasi na masafa mengi yote yake. ITU wenyewe waliweka lengo jingine kwa mtumiaji wa kawaida wa mjini, megabiti 100 kwa sekunde. Hiyo ndiyo namba ya kuikumbuka ukiona tangazo.

SALMA: Haya, twende kwa mwalimu na mwanafunzi.

FADHILI: Ngoja nikupe hesabu kwanza. Nataka kukutumia namba tatu: 4, 7 na 2. Nazijumlisha, napata 13, nakutumia na hiyo 13. Njiani kelele inaimeza namba ya pili. Mkononi una 4, pengo, 2, na jumla 13.

SALMA: Natoa 4, natoa 2, inabaki 7.

FADHILI: Umeipata bila kunipigia kusema "rudia, sijasikia". Lakini kuna gharama: nimetuma namba nne badala ya tatu. Mawasiliano yote ya redio yanaishi hapo. Hewani kuna kelele muda wote, biti, yaani zile sifuri na moja zinazobeba ujumbe, zinaharibika, na unaongeza ziada ili mpokeaji aweze kurekebisha. Ziada ikiwa kubwa mno, unakula nafasi ya data. Ikiwa ndogo mno, makosa yanapita. Hiyo ndiyo misimbo ya kusahihisha makosa.

SALMA: Kuna ziada ndogo kabisa inayotosha?

FADHILI: Ipo, na aliyeionyesha ni Claude Shannon, mwaka 1948, akiwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani. Alithibitisha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo chake. Ukituma chini ya kikomo hicho, makosa unaweza kuyapunguza kadiri upendavyo. Ukivuka, haiwezekani. Alithibitisha pia kwamba misimbo ya kukufikisha hapo ipo, ila hakutoa ya kutumika. Baada yake watu wakahangaika miaka na miaka kuitafuta.

SALMA: Na mwalimu wetu ni mmoja wao.

FADHILI: Ndiye Robert Gallager, wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani. Mwaka 1960 alikamilisha tasnifu yake ya uzamivu, na ndani yake kuna misimbo tunayoiita LDPC. Wazo lake ni zuri mno. Chukua jumla kama ile ya 13, lakini ziwe nyingi sana, na kila jumla iguse biti chache tu. Mpokeaji akipata ujumbe wenye makosa, kila biti inaziuliza jumla zinazoihusu: mimi ni sifuri au moja? Jumla zinajibu kwa kuangalia biti nyingine zilizomo, biti inarekebisha makisio yake, inauliza tena. Baada ya mizunguko kadhaa zinakubaliana, na kosa limeondoka.

SALMA: Mwaka 1960! Sisi huku bado hatujapata uhuru.

FADHILI: Bado. Na kompyuta za wakati ule hazikuweza kuifanya kazi hiyo kwa ukubwa unaotakiwa, kwa hiyo tasnifu ikawekwa kando. Mwaka 1993 Claude Berrou na wenzake Ufaransa wakaja na misimbo ya turbo, ikakisogelea kikomo cha Shannon kwa kiasi ambacho watu walidhani wamekosea hesabu. Hiyo turbo ndiyo iliyobeba data ya 3G na 4G. Miaka michache baadaye David MacKay na Radford Neal wakaifufua kazi ya Gallager, na ikaonekana inashindana na turbo bila shida. Fikiria, kazi imekaa zaidi ya miaka 30, mwenyewe wakati huo yu hai na bado anafundisha.

SALMA: Mwanafunzi je?

FADHILI: Erdal Arıkan, Mturuki. Alipata uzamivu wake MIT mwaka 1985, msimamizi wake akiwa Gallager. Kisha akarudi kwao, akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Bilkent, Ankara, mwaka 1987. Huko akakaa na swali la Shannon kwa takriban miaka 20, mbali na makampuni makubwa. Mwaka 2009 makala yake ikachapishwa: misimbo ya pola.

SALMA: Nieleze kama ulivyonieleza ile ya 13.

FADHILI: Nijaribu. Una njia mbili, zote zina kelele sawa. Kabla ya kutuma, unazichanganya biti zako mbili kwa namna maalumu. Matokeo yake, biti moja inakuwa ngumu zaidi kusomeka, na nyingine inakuwa rahisi zaidi. Kelele kwa jumla haijapungua, imehamishwa tu. Sasa rudia kwa njia nne, nane, kumi na sita, mpaka elfu moja na zaidi. Kadiri unavyoendelea, njia zinajitenga: karibu zote zinakuwa ama safi kabisa ama mbovu kabisa. Ujumbe wako unaupitisha kwenye zile safi. Kwenye zile mbovu unaweka sifuri ambazo mpokeaji anazijua tayari.

SALMA: Kwa hiyo hupotezi chochote kwenye zile mbovu.

FADHILI: Hupotezi. Na Arıkan alithibitisha kihisabati kwamba ukiendelea hivyo unafika kwenye kikomo chenyewe cha Shannon, kwa hesabu ambazo mashine inaweza kuzifanya. Hakuna aliyekuwa amelithibitisha hilo kwa msimbo wa namna hiyo kabla yake. Shida ilikuwa ujumbe mfupi, hapo pola haikufanya vizuri mwanzoni. Mwaka 2011 Ido Tal na Alexander Vardy, San Diego, wakatafuta namna bora ya kuusoma: mpokeaji asishike jibu moja, ashike orodha ya majibu yanayowezekana, mwishoni achague. Hapo pola ikawa tayari kwa kazi ya simu.

SALMA: Sasa tuingie Reno, maana najua unaisubiri.

FADHILI: Novemba 2016, Reno, jimbo la Nevada. Kikao cha kundi la 3GPP linaloshughulikia redio. Swali mezani: 5G itumie msimbo gani? Qualcomm, kampuni ya Marekani ya vichakato vya simu, walisimama na LDPC, Huawei wa China wakasimama na pola, ambayo walikuwa wameifanyia utafiti kwa miaka kadhaa, na wapo waliotaka turbo iboreshwe ibaki. Oktoba, Lisbon, LDPC ilikuwa imeshapewa vifurushi virefu vya data. Reno wakamaliza: LDPC ichukue data yote, pola ichukue njia ya udhibiti.

SALMA: Mimi hapo naona siasa, kaka. Huyu apewe kipande, na yule apewe kipande, kikao kifungwe watu warudi makwao.

FADHILI: Siasa ilikuwepo, sikatai. Msimbo ukiingia kwenye viwango, mwenye hataza zake, yaani hati za umiliki wa uvumbuzi, anakuwa na haki ya kudai malipo kwa kila kifaa. Ndiyo maana mwaka 2018 kule China kulizuka zogo kubwa, Lenovo, kampuni ya kompyuta ya huko, wakituhumiwa kwamba hawakuiunga mkono pola iliyopigiwa debe na Wachina wenzao Huawei, mpaka mwasisi wao, Liu Chuanzhi, akatoa barua kuitetea kampuni.

SALMA: Sasa si unanithibitishia?

FADHILI: Lakini angalia kazi yenyewe. Data ni nyingi na inakimbia. Msimbo wa LDPC unaweza kusomwa sehemu nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo unaifaa kasi. Kipande kimoja katika 5G kinaweza kubeba biti 8,448 za data. Njia ya udhibiti ni tofauti kabisa. Ujumbe wake ni biti chache, unaiambia simu: data yako iko kwenye masafa haya, wakati huu, ifungue hivi. Ujumbe huo ukipotea, data inaweza kuwa imefika mzima mzima na simu isiijue. Panatakiwa msimbo unaofanya vizuri sana kwa ujumbe mfupi, na hapo ndipo pola ina nguvu. Ukifungua waraka wa 3GPP namba 38.212 utakuta jedwali limepanga nafasi 1,024 kutoka ile mbovu kabisa hadi ile safi kabisa. Ni wazo la Arıkan, limewekwa kwa namba, na kila simu ya 5G duniani inalifuata.

SALMA: Basi hapo nakubali nusu. Uamuzi ni mzuri, ila kilichousukuma si uzuri wake tu.

FADHILI: Nusu hiyo nitaipokea. Kinachonigusa mimi ni kwamba ukifungua video kwenye 5G, data inabebwa na msimbo wa mwalimu, na maelekezo ya mahali ilipo data hiyo yanabebwa na msimbo wa mwanafunzi. Wote wawili wamepewa Tuzo ya Shannon, Gallager mwaka 1983, Arıkan mwaka 2019. Naomba walimu wetu wa vyuo wanaotusikiliza walifundishe hili. Arıkan alifanya kazi Ankara, kwa kalamu na muda wa kufikiri. Vitu hivyo Dar es Salaam vipo, Nairobi vipo, Bujumbura vipo.

SALMA: Antena nazo? Watu wanaona vile vibao vipya juu ya minara.

FADHILI: Kwa kifupi. Thomas Marzetta wa Bell Labs aliandika mwaka 2010 kwamba ukiweka antena nyingi mno kwenye kituo kimoja, unaweza kumwelekezea kila mtu mwale wake, wengi wakatumia masafa yaleyale kwa wakati uleule. Sasa angalia vipimo. Antena zinapangwa kwa umbali wa nusu ya urefu wa wimbi. Kwenye gigahezi 3.5, wimbi lina urefu wa takriban sentimita 8.6, kwa hiyo antena 64, nane kwa nane, zinaingia kwenye kibao cha sentimita kama 35 kila upande. Kwenye megahezi 700 kibao hichohicho kingehitaji karibu mita 1.7 kila upande. Nani atakipandisha mnarani, na upepo wa pwani huu?

SALMA: Lakini megahezi 700 inafika mbali zaidi.

FADHILI: Inafika mbali na inapenya ukuta vizuri zaidi. Ndiyo maana vijijini masafa ya chini yana thamani kubwa, na ningependa wanaopanga masafa walikumbuke hilo. 5G ya mjini peke yake haitoshi.

SALMA: Kwetu ilianza lini?

FADHILI: Safaricom walianza majaribio Kenya Machi 2021, huduma ya biashara ikaja Oktoba 2022. Tanzania, Vodacom waliizindua Septemba 2022.

SALMA: Swali la mwisho, la msikilizaji wa Tanga. Anasema simu inaonyesha 5G juu kabisa, lakini haoni tofauti na 4G. Tatizo ni nini?

FADHILI: Kuna mambo mawili ninayoyashuku. La kwanza, ile sehemu ya Toleo la 15 iliyopita Lisbon iliruhusu redio ya 5G ifungwe juu ya mitambo ya ndani ya 4G. Ilikuwa njia ya haraka ya kuanza, na makampuni mengi duniani yalianza hivyo. Alama ya 5G inaonekana, lakini simu bado inaegemea 4G kwa udhibiti, na wakati mwingine alama huwaka hata pale data inapopita kwenye 4G. La pili ni waya wa nyuma ya mnara. Mnara usipokuwa na faiba, ukategemea kiungo cha redio kilichojaa, hakuna msimbo utakaomsaidia. Ajaribu kupima usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Kasi ikipanda sana, mnara umezidiwa na watumiaji au kiungo chake kimejaa. Isipopanda, apime tena akiwa karibu na mnara, nje ya nyumba. Ikipanda hapo, tatizo ni kuta na umbali.

SALMA: Msikilizaji wetu wa Tanga, pima mara zote mbili utuletee majibu, tutayasoma hapa. Kaka Fadhili, ahsante sana. Kipindi kijacho tutakuwa na faiba: nani anaichimbia, na kwa nini inakatwa kila barabara inapotengenezwa. Tumeni maswali yenu mapema.