Goti, Ngumi na Wimbo wa Taifa
Mhadhara uliotolewa Mbeya mbele ya walimu wa michezo na wanafunzi, umeandikwa kama ulivyosemwa

Mugonile! Ahsanteni. Na nyinyi wa Iringa mliopanda basi tangu alfajiri, kamwene. Kaeni, kaeni. Tumeshasimama vya kutosha wakati wa wimbo wa taifa, na macho yangu bado yanaona: kuna wawili kule nyuma walikuwa wanachezea simu sisi tukiimba. Siwataji. Nataka tu mkumbuke kwamba hakuna aliyewafukuza kazi. Tutawarudia.

Mshereheshaji amenipa dakika 30, na ameniangalia kwa jicho la mtu anayejua hazitanitosha. Somo langu wengi wenu mmeshalisikia. Nimelitoa Makambako, nimelitoa Tukuyu, na mke wangu anasema hata usingizini nalitoa. Habari ya Colin Kaepernick mnaijua, sitaipiga upya: mchezaji wa mpira wa Kimarekani, timu ya San Francisco 49ers, mwaka 2016, wimbo wa Marekani unapigwa, yeye hasimami, anasema hawezi kujionyesha anajivunia bendera ya nchi inayoonea watu weusi, na polisi wanaoua hawaguswi. Machi 2017 akatoka kwenye mkataba wake, na hakuna timu iliyompa mwingine. Hiyo ndiyo habari. Mimi nataka kuzungumza juu ya goti lenyewe.

Mwaka ule mama yangu alikuwa bado yupo, kule Rungwe. Mjukuu wake akaja na simu, akamwonyesha ile picha ya Kaepernick amepiga goti wakati wa wimbo. Mama akaisogeza mbali, akaileta karibu, mnajua wazee na simu. Akauliza, "Huyu kijana anamwomba nani?" Mjukuu akasema, "Bibi, haombi. Ametukana taifa lake." Mama akaitazama tena. "Kwa goti?"

Sasa cheka, lakini ukishacheka, fikiri. Katika nyanda hizi, mwanamke akimwamkia mzee anapiga goti au anachuchumaa. Ukipeleka posa unajua nani atapiga magoti. Ukiwa na neno zito mbele ya wakubwa, hulisemi umesimama wima kama mlingoti. Mtu mwenye dharau kwetu ndiye anayebaki amesimama! Kwa hiyo mama yangu, ambaye hakuwahi kuona mpira wa Kimarekani hata dakika moja, aliisoma ile picha vizuri kuliko wachambuzi wote waliokuwa wanapiga kelele kwenye televisheni.

Na alikuwa sahihi kwa ushahidi. Kaepernick hakuanza na goti. Alianza kwa kukaa kwenye benchi. Ndipo mwanajeshi mstaafu wa kikosi maalumu, Nate Boyer, naye aliwahi kuujaribu mpira huo, akakutana naye wakazungumza. Boyer akamwambia askari hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao aliyeanguka. Basi tarehe 1 Septemba 2016, kule San Diego, Kaepernick akapiga goti, na Boyer akasimama pembeni yake mkono kifuani. Goti lilichaguliwa kwa sababu ni la heshima. Lilishauriwa na askari! Halafu mnaambiwa lilikuwa la kuwatukana askari.

Najua mtu wa safu ya tatu, mwenye koti la kijani, ana neno. Usoni tu naliona. "Mwalimu, michezo isichanganywe na siasa." Ahsante. Hilo nimelisubiri tangu chai.

Wewe Jumamosi ukienda kuangalia Prisons au Mbeya City, unaenda wapi? Uwanja wa Sokoine. Sokoine alikuwa golikipa? Alikuwa Waziri Mkuu. Watu wa Iringa, Samora alifunga mabao mangapi? Songea wana Majimaji, hiyo ni vita kabisa. Sumbawanga wana Mandela. Mwanza hawakutaka hata kuficha, wameandika CCM Kirumba mlangoni. Na viwanja vingi vya mikoani ni mali ya chama. Unanunua tiketi kwenye uwanja wa chama, wenye jina la kiongozi, unakaa, mgeni rasmi mwanasiasa anakagua timu, wimbo wa taifa unapigwa, halafu mchezaji akifungua mdomo ndiyo unasema siasa imeingia. Imeingia? Ilikuwa imetoka lini?

Huko Marekani vilevile. Mwaka 2015 maseneta wawili, John McCain na Jeff Flake, walitoa ripoti kwamba wizara ya ulinzi ilikuwa imezilipa timu za michezo mbalimbali, jumla dola milioni 6.8, kwa ajili ya zile sherehe za bendera kubwa na kuwapongeza wanajeshi uwanjani. Uzalendo wa kulipiwa, kama tangazo la sabuni. Mwaka mmoja baadaye kijana anapiga goti bila kulipwa na mtu, huyo ndiye anaambiwa ameharibu burudani.

Sasa nifike ninakopenda. Walionisikia Tukuyu waende chooni warudi.

Olimpiki ya Mexico, 1968. Kila mtoto wa shule Tanzania anamjua John Stephen Akhwari wa Mbulu. Marathoni, tarehe 20 Oktoba, akaanguka, goti likaumia, wakamfunga bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amemaliza zaidi ya saa nzima kabla. Giza limeingia, watu wamebaki wachache, na huyo mtu wetu anaingia uwanjani anachechemea, wa 57, wa mwisho katika waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma aanze mbio, ilimtuma amalize. Tunaisimulia hadithi hii kila mahafali. Hata mimi nimeitumia kumtoa mwanangu kitandani.

Lakini hatusimulii kilichotokea siku nne kabla, katika uwanja uleule. Tarehe 16 Oktoba, mita 200. Tommie Smith, Mmarekani mweusi, anashinda kwa sekunde 19.83, rekodi ya dunia. John Carlos, mwenzake, wa tatu. Katikati yao, wa pili, Mzungu wa Australia, Peter Norman. Wanakwenda kupokea medali. Smith na Carlos wamevua viatu, wamebaki na soksi nyeusi, kuonyesha umaskini wa watu wao. Carlos amevaa shanga shingoni kwa ajili ya weusi walionyongwa na magenge ya Wazungu. Wote watatu wana beji kifuani, beji ya mradi wa wanamichezo uliodai haki za binadamu. Norman naye! Yeye aliiomba mwenyewe.

Na glovu. Hapa wanafunzi sikilizeni, maana mambo makubwa huwa yana vichekesho ndani yake. Walipanga kila mmoja avae glovu zake nyeusi. Carlos akasahau zake. Kasahau! Umejiandaa kuitikisa dunia, umeacha glovu kwenye malazi. Ni Norman aliyewaambia wagawane jozi moja. Ndiyo maana ukiitazama ile picha, Smith amenyanyua mkono wa kulia na Carlos wa kushoto. Watu wameandika maana nzito juu ya kulia na kushoto. Maana yake ni kwamba mtu alisahau mzigo.

Wimbo ukapigwa, wakainamisha vichwa, ngumi juu. Uwanja ukazomea. Rais wa kamati ya Olimpiki, Avery Brundage, akataka waondolewe, na wakafukuzwa kwenye timu. Huyu Brundage ndiye aliyekuwa kiongozi wa Olimpiki ya Marekani Berlin 1936, na saluti za Kinazi hazikumkosesha usingizi. Ngumi mbili ndizo zilizomwudhi.

Kwa hiyo Akhwari alipoingia akichechemea tarehe 20, wale wawili walikuwa wameshafukuzwa. Uwanja ni uleule, wiki ni ileile. Mmoja tumemfanya somo la darasa la nne, wawili hatuwataji. Kwa nini? Kwa sababu uvumilivu wa Akhwari haumwudhi mkubwa yeyote. Mimi nasema walikuwa wanafanya kazi moja: kumaliza walichotumwa. Tofauti ni nani aliwatuma.

Na yule Mzungu? Hakunyanyua mkono, alivaa beji tu. Kwao akatengwa. Olimpiki ya Munich 1972 hakupelekwa. Alifariki 2006, na waliobeba jeneza lake mbele ni Smith na Carlos. Bunge la Australia liliomba radhi mwaka 2012, miaka sita baada ya kuzikwa. Ndugu zangu, nikifika hapa huwa nanyamaza kidogo, mniwie radhi.

Haya.

Mwenye koti la kijani bado hajaridhika. Anasema, "Hao ni Wamarekani, mwalimu, sisi hatuna tabia hizo." Hatuna? Filbert Bayi unamjua au unaijua tu shule? Februari 1974, Christchurch, New Zealand, mita 1500, dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Nyuma yake alikuwa John Walker, kijana wa nyumbani. Dunia nzima ikasubiri wakutane Olimpiki ya Montreal 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na Makaburu wa Afrika Kusini mwaka uleule watoto wa Soweto wanapigwa risasi, kamati ya Olimpiki ikakataa kuifungia New Zealand, na zaidi ya nchi 20 za Afrika zikasusia, Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Walker akashinda dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39. Sekunde saba nzima nyuma ya muda wa Bayi! Najua, fainali ile ilikimbiwa kwa kuviziana, msinitumie ujumbe.

Niseme wazi: mimi naona serikali ilifanya sawa. Ningepigwa na nani nikisema vinginevyo kwenye nyanda hizi, ambako tulijenga reli ya TAZARA tukiwakwepa Makaburu haohao? Lakini nauliza nani alilipa. Nyerere hakuwa na medali ya kupoteza. Wizara haikukimbia. Aliyelipa ni Bayi, kwa miguu yake, kwa umri wake ambao haukurudi. Na 1980, Marekani ilipomtuma Muhammad Ali Dar es Salaam atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, Nyerere hakumpokea. Tukaenda. Bayi akapata medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui medali ya fedha ya mita 5000. Kwenda ilikuwa siasa, kutokwenda ilikuwa siasa, na mara zote mbili tuliita ni msimamo wa taifa.

Sasa nyoosha hesabu. Serikali ikimtoa mwanariadha uwanjani kwa ajili ya haki, bila kumwuliza, tunapiga makofi. Mwanariadha akijitoa mwenyewe kwa ajili ya haki ileile, mshahara wake, mkataba wake, tunasema amekosa adabu. Nielezeni, maana mimi hesabu niliishia kidato cha nne.

Kuna wa "analipwa mamilioni, ananung'unikia nini?" Ndugu yangu, ulitaka anung'unike asiye na kitu? Huyo hunung'unika kila siku na hakuna kamera inayomgeukia.

Na wimbo wetu wenyewe. Enoch Sontonga aliutunga Afrika Kusini 1897, ukawa wimbo wa wapigania uhuru kule, watu wakiuimba mbele ya polisi wa Makaburu. Tumeazima wimbo wa waandamanaji, tumeuvisha suti, sasa tunataka usisikie kelele.

Wapo wengine nilitaka kuwafikia. Mahmoud Abdul-Rauf, mchezaji wa kikapu wa Denver Nuggets, 1996, alikataa kusimama wimbo ukipigwa, akafungiwa mchezo mmoja, kisha akakubali kusimama huku akiomba dua. Megan Rapinoe, mwanasoka wa Marekani, alipiga goti Septemba 2016, shirikisho lao la soka likatunga kanuni ya kulazimisha kusimama, likaifuta 2020. Wairani Kombe la Dunia 2022, mechi ya England, wamefunga midomo wimbo ukipigwa. Mechi iliyofuata wakaimba, na nyuso zile kila mmoja azitazame mwenyewe. Hapo kuna mhadhara mzima juu ya kimya, lakini naona mshereheshaji amesimama. Amesimama kwa heshima, nadhani.

Dakika moja. Nikiwa kijana nilikuwa nakimbia mazoezi jioni, katika mji mmoja wa nyanda hizi. Nikapita karibu na kituo cha polisi, saa kumi na mbili, filimbi ya kushusha bendera ikapigwa. Nikasimama palepale kama sote tunavyojua. Ila nimetoka mlimani, pumzi hakuna, nikainama nikashika magoti. Askari akanifokea ninyooke, akaniweka pale nusu saa, akanifundisha uzalendo. Mita kumi mbele yangu kulikuwa na bwana mmoja amesimama wima safi kabisa, mkononi ana gunia la mahindi ambalo baadaye tulisikia si lake. Yeye alipita.

Nyinyi wawili wa simu, sijawasahau. Mlisimama wima kabisa, hongereni.

Ndaga fijo. Maswali. Mama pale mwenye kitenge cha njano, karibu, halafu nitakuja kwa koti la kijani, na tafadhali baba, usianze na mishahara yao.