Kabla ya Kuchonga Kalibu: Hoja ya Kuanza na Garratt ya Daraja la 59

Ndugu wapenzi wa reli, tuseme fedha iliyopo inatosha kutengeneza mfano mdogo wa kichwa kimoja tu cha mvuke cha Reli za Afrika Mashariki. Tuchague kipi? Mimi nasema Garratt ya daraja la 59, yaani kichwa chenye injini mbili chini ya bwela (tangi la kuchemshia maji) moja.

Jambo la kwanza la kuuliza ni kama chuma chenyewe bado kipo na kinapimika. Vichwa vya daraja la 59 viliundwa 34 na Beyer, Peacock wa Manchester, 1955 hadi 1956, vikapewa majina ya milima. Viwili vipo Makumbusho ya Reli, Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Ukienda kupima, futi ya kupimia ianzie kwenye vitovu vya ekseli. Kipenyo cha gurudumu kichukue kwenye mchoro wa kiwandani, kwa sababu tairi la chuma huliwa na reli, na lile la inchi 54 leo litasoma pungufu. Piga picha pande zote mbili, maana mabomba ya kushoto si yale ya kulia.

Kipimo nakitaka kiwe 1:87, yaani mfano mdogo mara 87 kuliko kichwa halisi, juu ya reli yenye upana wa milimita 12. Reli halisi ina upana wa mita moja; ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, tofauti hiyo jicho halioni. Atakayekiweka kwenye reli ya milimita 16.5 kwa kuwa ndiyo rahisi kupatikana atalazimika kusogeza silinda nje, na sura ya kichwa itaharibika.

Sasa hesabu ya kalibu, yaani chuma cha kumiminia vipande vya mfano, na hapa ndipo Garratt inapowashinda wenzake. Magurudumu yamepangwa 4-8-2+2-8-4 (idadi ya magurudumu kwa makundi, toka mbele hadi nyuma), yaani injini mbili zinazotazamana kinyume chini ya bwela moja. Fremu, silinda na vyuma vya kusukuma magurudumu unavichora mara moja, unavitumia mara mbili. Kinachobadilika hasa ni matangi: la mbele ni la maji, la nyuma lina mafuta pia.

Bwela lina kipenyo cha futi 7 na inchi 6, sawa na milimita 26 kwenye mfano, kwa hiyo mota moja inakaa humo na kugawa nguvu mbele na nyuma kwa shafti zenye viungo. Mota mbili zina tabu yake: moja ikiwa na kasi zaidi, nyingine inaburutwa na magurudumu yanateleza. Ukizitaka mbili, zijaribu kwanza bila mzigo kwa volti ileile, uoanishe zinazolingana.

Kinachowaangusha wengi ni kona. Urefu mzima wa mfano ni karibu milimita 365. Kujua bwela litaingia ndani ya kona kiasi gani, chukua umbali wa pivoti mbili, yaani sehemu bwela linapoegemea injini, uzidishe kwa wenyewe, gawa kwa nusu kipenyo cha kona mara 8. Pivoti zikiachana milimita 180 kwenye kona yenye nusu kipenyo cha milimita 600, bwela linaingia ndani karibu milimita 7. Ukingo wa stesheni uliojengwa kwa kupimia behewa fupi utagongwa.

Amueni mwaka pia. Baadaye vichwa hivi vilifungwa dohani (bomba la kutolea moshi) za aina ya Giesl, ambazo ni bapa, tofauti na zile za awali za duara. Basi dohani iwe kipande cha peke yake kwenye kalibu, na kila bamba la jina lilinganishwe na picha yenye tarehe kabla ya kuchapwa. Umbo la kwanza lichapwe kwa resini, lizungushwe kwenye kona zote, ndipo chuma cha kalibu kikatwe.