Usinitajie Jina la Kadi, Nisomee Namba

Asante ndugu mwenyekiti, asanteni mafundi na wanafunzi mliofika. Waliowahi kunisikia kwenye habari hii ya draiva za kadi za waifai, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuzitumia kadi hizo, waniwie radhi, maana leo nitarudia yale yale. Nitaacha kuyarudia siku mafundi watakapoacha kupiga Windows upya kwa sababu tu waifai haishiki. Mteja kaleta mashine ina mafaili yake yote, kaondoka nayo haina hata picha moja, na waifai bado haishiki.

Waifai ni nini, sitaeleza. Mnajua.

Tuanze na mtu anayekuja akasema: "Mwalimu, nina kadi ya TP-Link, haifanyi kazi, naomba draiva." Ameniambia nini hapo? Ameniambia rangi ya sanduku. Chipu ya redio iliyomo ndani imetoka kwingine: Realtek, au Atheros ambayo siku hizi iko chini ya Qualcomm, au Ralink iliyomezwa na MediaTek, au Broadcom. Draiva haina habari na sanduku. Inaijua chipu, basi.

Mfano wangu mnaujua, na sitaubadilisha kwa sababu sijapata mwingine mzuri kama huu: TL-WN722N. Kadi ya USB, nyeupe, ina antena ya kuzungusha. Toleo la kwanza lina chipu ya Atheros AR9271. Ukiichomeka kwenye Linux inajitambulisha kwa namba 0cf3:9271, inashikwa na draiva iitwayo ath9k_htc ambayo tayari imo ndani ya keneli, kiini cha Linux, na inachohitaji ni faili moja tu la famuwea, programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Toleo la pili na la tatu zina Realtek RTL8188EUS, namba 2357:010c. Jina ni lile lile, umbo lile lile, antena ile ile, lakini ndani ni mnyama mwingine kabisa. Sasa kijana anasoma makala ya zamani inayoisifu kadi hii, anakwenda Kariakoo, anaulizia kwa jina, anauziwa kwa jina, halafu anakesha usiku mzima akipambana na draiva ya Atheros kwenye kadi ya Realtek. Asubuhi anasema kadi ni feki. Si feki! Geuza kadi, usome lebo ya nyuma. Toleo limeandikwa pale kwa herufi ndogo, "Ver" na tarakimu.

Na hiyo ni kadi yenye lebo. Zile ndogo kama ukucha zinazouzwa kwenye kimfuko cha nailoni, zimeandikwa "802.11n" na hakuna kingine, utaziita nani? Zisome namba.

Namba yenyewe ina sehemu mbili za herufi nne nne. Ya kwanza ni ya kampuni, ya pili ni ya kifaa. Kwa kadi za ndani, 8086 ni Intel, na wenye umri wangu mtacheka kwa sababu hiyo ni prosesa yao ya mwaka 1978. 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom, 168c ni Atheros. Kwa kadi za USB, Realtek ni 0bda. Lakini tazameni ile 2357 niliyoitaja punde: hiyo ni TP-Link wenyewe, si mwenye chipu. Ndiyo maana nusu ya namba haitoshi. Soma zote mbili.

Kwenye Windows, bonyeza kulia kitufe cha Start, fungua Device Manager. Kifaa kisicho na draiva utakikuta chini ya "Other devices" kina alama ya njano, mara nyingi kimeandikwa "Network Controller" au "802.11n NIC". Ingia Properties, kichupo cha Details, chagua "Hardware Ids". Ukiona PCI\VEN_8086&DEV_2723, hiyo ni Intel AX200. Ukiona USB\VID_0BDA&PID_8179, ni RTL8188EUS. Kwenye Linux andika lspci -nnk kwa kadi ya ndani, lsusb kwa ya USB. Ile herufi k usiiache, maana inakuletea mstari wa "Kernel driver in use". Mstari huo ukiwapo, acha kutafuta draiva! Draiva unayo. Tatizo liko pengine, na kila draiva utakayoongeza juu yake inaweza kuvuruga hata iliyokuwa nzima.

Namwona bwana mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: zipo programu zinazotafuta draiva zenyewe, ya nini kusumbuka na tarakimu? Nazo zinasoma namba hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba zinakuletea draiva pamoja na kivinjari usichokiomba na antivirusi mbili zinazogombana. (Vicheko.)

Swali la pili huwa hili: nitapakuaje draiva ya waifai wakati sina waifai? Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya, kwenye mipangilio uwashe "USB tethering". Kompyuta itaiona simu kama kadi ya mtandao wa waya. Windows 10 na Linux zina draiva yake tayari. Na kwa simu nyingi, kama simu yenyewe iko kwenye waifai, inapitisha waifai hiyo hiyo, bando lako halitumiki.

Haya. Tuseme umetafuta namba hukuiona kabisa. Hapo hakuna draiva itakayokusaidia, kwa sababu kompyuta haijui kama kuna kitu. Zima mashine, toa chaja, chomoa betri, ndipo ufungue. Kadi inaweza kuwa imelegea, au imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka. Laptopu za ThinkPad za zamani zina orodha ya kadi zinazokubaliwa. Ukiweka ngeni inagoma kuwaka na kukuandikia kosa 1802. Na ipo hasara moja ya pesa taslimu, naomba muiandike: Intel AX200 na AX201. Ukiziweka mezani ni mapacha. AX200 ni kadi kamili, inafanya kazi kwenye nafasi ya M.2 ya kadi ya waifai hata mashine ikiwa na prosesa ya AMD. AX201 ni nusu kadi. Nusu nyingine iko ndani ya chipu za Intel kwenye madabodi yenyewe, mfumo unaoitwa CNVi. Ukiiweka kwenye mashine isiyo na CNVi, utaitazama nayo itakutazama. AX210 na AX211 ni hadithi ile ile. Kama hujui mashine yako ni ya aina gani, nunua inayoishia na sifuri.

Kuna na kadi za USB zinazojifanya CD. Ukiichomeka inaonekana diski yenye draiva ya Windows ndani, na lsusb inaonyesha 0bda:1a2b. Kadi haijafa, haijageuka tu kuwa kadi. Amri ni usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b. Kisha soma lsusb tena. Utakuta namba mpya, na hiyo ndiyo ya kutafutia draiva.

Muda unakimbia, nitapita haraka.

Namba ipo, draiva ipo, waifai haipo. Kwenye Linux andika sudo dmesg, inayoonyesha ujumbe wa keneli, na utafute neno "firmware". Ukiona imeshindwa kwa "error -2", faili la famuwea halipo kwenye diski, hakuna jingine. Waliozoea Linux ya Debian wanajua adha hiyo. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023 famuwea hizo zimo ndani ya diski ya kusakinishia. Halafu andika rfkill list, uone kama redio imezimwa. "Soft blocked" unaitoa kwa rfkill unblock wifi. "Hard blocked" huitoi kwa amri yoyote. Tafuta swichi ubavuni mwa laptopu au kitufe cha Fn.

"Jana ilikuwa inafanya kazi." Hiyo nayo naijua. Draiva uliijenga kwa mkono, usiku mashine ikasasisha keneli, na draiva ikabaki kwa keneli ya zamani. Tumia DKMS, programu ya kujenga draiva upya keneli ikibadilika, uwe na linux-headers, mafaili ya kujengea, za keneli unayotumia, itajijenga upya yenyewe. Na ukiambiwa "Key was rejected by service", hiyo ni Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, inaikataa draiva isiyo na sahihi. Sajili ufunguo wako kwa mokutil, au zima Secure Boot kwenye BIOS, uamuzi ni wako.

Inashika ukiwa mita moja na ruta, ukienda chumba cha pili inapotea? Usiilaumu ruta. Aliyebadilisha feni au kioo ameacha nyaya za antena zikining'inia. Zirudishe kwa kuzibonyeza wima mpaka zilie tiki, usiziburure. Vichwa vya nyaya za kadi za M.2 ni vidogo kuliko vya kadi za zamani za mini PCIe, haviingiliani, msilazimishe.

Kadi ya USB inayokatika-katika kwenye tundu la USB 3: tundu hilo, hasa likiwa na diski ya nje inayofanya kazi pembeni, linatoa kelele kwenye masafa yale yale ya gigahezi 2.4. Weka waya wa kurefusha, uipeleke kadi mbali kidogo. Huoni jina la ruta wakati simu inaliona? Pengine ruta inarusha gigahezi 5 na kadi yako haizijui, kama hiyo TL-WN722N. Au ruta iko chaneli ya 13, ambayo si kila nchi inairuhusu. Soma iw reg get, inayoonyesha kadi inafuata kanuni za nchi gani, na kama nchi si sahihi, kwa Tanzania ni sudo iw reg set TZ. Na kama inashika vizuri ila kurasa zinalalamikia usalama, tazama saa ya kompyuta kabla ya yote. Betri ya CR2032, ile ndogo ya saa, ikiisha mashine inarudi miaka nyuma, na vyeti vya tovuti vinakataliwa.

Kuokoa umeme, usalama wa WPA3, sitaweza; mwenyekiti ananionyesha saa. Waliokuja na mashine zao wabaki. Msinitajie kampuni. Fungueni terminali, au Device Manager, mnisomee namba yote, herufi nane. Haya dada wa mbele, anza wewe.