Mwageni Pipa Kwanza

REHEMA: Karibuni tena. Juma, naona leo umekuja na ugomvi na mapipa ya rangi rangi ya kutenganishia taka.

JUMA: (Anacheka) Sina ugomvi, dada. Shule moja niliyofundisha tulinunua mapipa matatu: kijani, buluu, njano. Picha tukapiga, hotuba tukasikiliza. Baada ya wiki mbili nachungulia la karatasi: maganda ya ndizi, chupa ya soda haijaisha, daftari limelowa chapachapa. Jioni mhudumu wa usafi akamimina yote kwenye mfuko mmoja. Kumuuliza, akanijibu, "Mwalimu, si yote yanakwenda jalala moja?"

REHEMA: Alikuwa na haki. Kabla ya kununua pipa, mjue nani atakuja kuchukua nini.

JUMA: Na nyinyi mnatupa nini. Mara ya pili tulitandika turubai uwanjani, tukavaa glavu, tukamwaga taka za siku nzima, tukachambua na kupima. Wanafunzi walianza kwa kuziba pua, wakaishia kubishana mbele ya mizani. Wote tulidhani plastiki itaongoza. Wapi! Chakula.

REHEMA: Plastiki inajaza macho, chakula kina maji.

JUMA: Basi tukaweka ndoo ya mabaki pale pale wanaporudishia sahani, ikawa inakwenda kwenye mboji, mbolea ya mabaki yaliyooza. Karatasi zikaanza kubaki kavu. Maana ikishaingia mchuzi, mnunuzi wa karatasi chakavu haitaki.

REHEMA: Na harufu ya mboji?

JUMA: Inanuka ukirundika mabichi matupu. Changanya na majani makavu, igeuze ipate hewa. Ikikosa hewa inaoza vibaya na kutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani, kama jalalani.

REHEMA: Mimi ugomvi wangu uko vyuoni, kwenye fotokopi. Karatasi ya A4 ya kawaida ina gramu 5, rimu moja ya karatasi 500 kilo 2.5. Mhadhiri mwenye wanafunzi 200 akigawa notsi za kurasa 20, upande mmoja, hizo ni rimu 8. Kilo 20, kwa mada moja! Akichapa pande mbili, kilo 10. Akizituma kwa simu, sifuri.

JUMA: Lakini si zitarejelezwa, zitengenezwe karatasi mpya?

REHEMA: Kila zikirejelezwa nyuzi zake zinafupika. Mara 5 hadi 7 hivi, basi, zimechoka. Kopo la alumini ndilo halichoki, na kuliyeyusha upya kunaokoa kama asilimia 95 ya nishati ya kutengeneza alumini kutoka kwenye madini. Karatasi bora ni ile ambayo hukuichapa.

JUMA: Na pipa la karatasi lisisimame peke yake. Lisipokuwa na la taka nyingine ubavuni, litapokea kila kitu.

REHEMA: Yule mhudumu je?

JUMA: Tulimwingiza kwenye kamati. Kikao cha kwanza akasema, "Pipa la karatasi litoke mlangoni mwa bwalo, likae karibu na fotokopi." Akakaa chini. Tukalihamisha siku hiyo hiyo.