Jembe Mlangoni: Jinsi ya Kumpokea Mtu Katika Programu Mpya

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, hasa ninyi mliotoka Ruashi na Katuba na mvua hii. Mliniomba niwaeleze jinsi tunavyobuni mapokezi ya programu, yaani zile dakika za kwanza ambapo mtu anafungua kitu asichokijua na kuamua kama atakaa au atakifuta. Nitaanzia sokoni, kwa sababu huko ndiko nilikofundishwa.

Soko lenyewe ni la Kenya, na hapa Lubumbashi sina haja ya kueleza kwamba nataja komini, yaani wilaya ya mji wetu, si nchi. Pale kuna mama anayeuza vitenge. Mteja anachukua yadi 6 leo, analipa kidogo kidogo mpaka mwisho wa mwezi. Madeni yote yamo katika kaye, yaani daftari, ambayo jalada lake limeshikizwa kwa skochi. Kaye hiyo iliwahi kulowa masika moja, kurasa 2 zikawa wino mtupu, na pesa za kurasa hizo hazikurudi. Tulitengeneza programu ya kuandika madeni kwenye simu kwa ajili yake na wenzake. Niliamini ni kitu chema, na bado naamini.

Siku ya kuijaribu nilikaa kwenye kigoda kando yake, mikono nimeifumbata nisije nikaigusa simu yake. Programu ikafunguka na kurasa 4 za picha na maelezo. Akazipitisha kwa kidole gumba bila kusoma hata mstari mmoja. Ikaja fomu: jina la kwanza, jina la mwisho. Mkongomani ana majina matatu: jina, postinomu linalolifuata, na prenomu, lile la Kizungu au la ubatizo. Alipofika hapo akasita, akaacha la tatu. Ikafuata barua pepe. Hana. Akamwita kijana wake, naye akaweka ya kwake, akabuni na neno la siri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama, kama tulivyotaka. Kisha tukamuuliza: chagua sarafu yako, franka au dola. Mama akainua uso kunitazama. Bei ya kitenge anaitaja kwa dola, mteja analipa nusu kwa franka, chenji inarudi kwa franka. Swali letu halikuwa na jibu katika mji huu.

Hatimaye kode ya tarakimu 6 ikatumwa kwa ujumbe. Akatoka kwenye programu kwenda kuusoma. Aliporudi, programu ilikuwa imeanza upya, na zile kurasa 4 za picha zikamtokea tena.

Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, sasa deni naandika fasi gani?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa jembe mlangoni, hajaketi, hajapewa hata maji. Alikuja kuandika deni moja la mtu mmoja. Sisi tukamtaka kwanza atufanyie kazi yetu: atupe data zake, atuthibitishie namba yake, ajifunze ramani ya nyumba ambayo bado hajaingia.

Mambo haya wengine waliyaona zamani. Miaka ya 1980, pale IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, John Carroll na wenzake walikuwa wakichunguza makarani waliokuwa wakijifunza programu za kuandikia. Walikuta kwamba watu hawasomi kitabu cha maelekezo, hata kikiwekwa mbele yao. Wanataka kuanza kazi papo hapo. Mwaka 1987 Carroll na Mary Beth Rosson waliandika kwamba hali hiyo ina utata: anayeruka maelezo anapoteza muda baadaye, lakini ndivyo watu walivyo, kwa hiyo mbunifu abuni kwa ajili ya watu walivyo. Miaka mitatu kabla ya hapo, Carroll na Caroline Carrithers walijaribu jambo ninalolipenda sana. Walichukua programu ileile, wakafunga kwa muda kazi ngumu ambazo mgeni huzigusa kwa bahati mbaya. Aliyezigusa aliambiwa tu kwamba hazipatikani kwa sasa, akaendelea. Wageni wa programu hiyo iliyofungwa walianza kazi haraka zaidi, na muda mfupi zaidi ulipotea katika makosa. Hakuna maelezo yaliyoongezwa. Milango ndiyo iliyopunguzwa.

Tuliporudi mezani, tulifuta kurasa zote 4. Mwenzetu mmoja alikuwa amezichora kwa wiki nzima, na iliuma. Sasa programu ikifunguka unakuta ukurasa mmoja wenye nafasi 2: nani, na kiasi gani. Kando ya kiasi kuna franka na dola, na kila deni linabeba sarafu yake. Finya "Andika", deni limekaa. Hakuna akaunti, hakuna barua pepe, hata mega za intaneti hazihitajiki.

Mtaniuliza, na akipoteza simu kabla hajafungua akaunti? Hoja hiyo ni nzito, tuliibishania siku 2. Tukaamua hivi: baada ya deni la tatu, programu inamwambia, "Una madeni 3 hapa. Weka namba yako ya simu ili yasipotee." Wakati huo anaelewa kwa nini anaombwa, kwa kuwa ana kitu cha kulinda. Ndiyo, aliye na madeni 2 anaweza kuyapoteza. Nilikubali hatari hiyo kwa sababu yule wa kwanza, aliyekwama kwenye fomu, hakuwa hata na deni moja la kupoteza.

Ruhusa nazo ni hivyohivyo. Tangu toleo la 6.0 la Android, mfumo unaoendesha simu nyingi, la mwaka 2015, programu inaweza kuomba ruhusa wakati ule inapoihitaji. Usiombe orodha ya majina ya simu mlangoni. Subiri afinye pale pa kuchagua mteja.

Sasa lile la kode, maana najua wengi hapa mnaandika programu. Simu nyingi sokoni zina memori ndogo. Mtu akihamia kwenye ujumbe, simu inaweza kuifunga kabisa programu aliyoiacha nyuma ili ipate nafasi. Kwenye simu yangu kubwa ofisini sikuwahi kuona hilo. Tiba yake ni kuhifadhi kila hatua ndani ya simu mara inapokamilika, ili anayerudi akute pale alipoacha. Na muda wa kode uwe mrefu: tuliweka dakika 2 tukidhani ndio usalama, wakati mtandao wa saa za jioni unaweza kuuchelewesha ujumbe kuliko hapo.

Maneno pia. Tulikuwa tumechukua Kiswahili cha programu za Dar es Salaam: "Wasilisha", "Salio". Ni Kiswahili safi, nakiheshimu. Lakini mama wa Lubumbashi aliyesoma shule kwa Kifaransa na kuuza kwa Kiswahili cha hapa alisita kwenye kila neno. "Salio" tukaliita "Inayobakia". Hakuna tena aliyeuliza.

Kuna programu ambazo haziwezi kuahirisha utambulisho. Ukihamisha pesa za watu, lazima ujue ni nani. Huko tazameni M-Pesa ilivyoanza nchini Kenya mwaka 2007: mapokezi yalifanywa na wakala, mtu mwenye uso, anayekuandikisha huku mnaongea. Hapa kwetu ndiyo kazi ya vijana wa kabini, wale mawakala wa pesa za simu chini ya miavuli yao. Ukibuni programu ya pesa, buni pia maneno yatakayotamkwa na kijana huyo.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa programu, aliandika mwaka 2000 kwamba kuijaribu na watu 5 kunatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya makosa, na kwamba ni bora kurudia majaribio madogo kuliko kufanya moja kubwa. Kwetu mtu wa kwanza alionyesha karibu yote. Wa tatu ndiye aliyenionyesha kwamba wengine wanaazimana simu, na hilo bado halijapata dawa: madeni ya dada yanaonekana na wifi yake.

Jumamosi asubuhi narudi pale Kenya na toleo jipya. Nina nafasi ya watu 2. Mtakaokuja, acheni kompyuta nyumbani, chukueni kaye na kalamu, na mkae kwenye vigoda mtakavyopewa. Mama akikwama, msimwonyeshe. Andikeni saa, andikeni alichosema, kwa maneno yake mwenyewe.