Tazama Tope Kwanza

Hamjambo nyote. Wakubwa zangu mlioketi nyuma, shikamooni. Nimepewa dakika arobaini na umeme wa leo siuamini, kwa hiyo naanza na picha kabla projekta haijazima.

Angalieni mtaa huu. Kuta za chokaa iliyobanduka, mbao zilizopauka kwa jua, na pale ukutani pameandikwa Uhuru 1961. Nani anapajua? Nasikia Bagamoyo. Nasikia Lamu. Wewe wa Lamu umekaribia, maana wabunifu walichota sura ya huko. Lakini mtaa huu uko Florida, Marekani, ndani ya bustani ya burudani inayoitwa Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 22, 1998. Mtaa wenyewe unaitwa Harambe, kwa e moja. Na chokaa ile haikubanduka kwa mvua ya masika. Imebanduliwa na mafundi, kwa makusudi, wakalipwa kwa kuibandua.

Nimeanza hapa ili msije mkafikiri nitawasema vibaya watu hawa wa Disney kwamba ni wababaishaji. Wakiamua kujenga, wanajenga. Ila bustani hiyohiyo, itazameni nembo yake ya siku ya kwanza. Tembo yupo, na ukiingia utamwona. Dinosaria yupo, naye alijengewa eneo lake. Huyu wa tatu, mwenye mabawa, ni joka. Kulipangwa eneo la viumbe wa hadithi, majoka na farasi wa pembe moja, lakini halikujengwa. Joka likabaki kwenye nembo, na huko kwenye maegesho ya magari sehemu moja ikabaki na jina la farasi wa pembe moja. Mwaka 2017 wakafungua kitu kingine kabisa, Pandora, dunia ya filamu ya Avatar, na bado wapo watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wanaobishana kuhusu joka lile mpaka leo.

Watu hao ndio mada yangu. Mashabiki wa bustani za burudani, na namna wanavyozichambua video za miradi ya ujenzi.

Mnajua kazi yangu: nachora kwa kompyuta majengo ambayo hayajajengwa. Ile picha iliyobandikwa kwenye mabati ya kuzungushia saiti, yenye mama anayetembea na mtoto aliyeshika puto, mtu kama mimi ndiye aliyeichora. Kwa hiyo ninapowasikia mashabiki hawa wakibishana, mimi husikiliza kama mwizi anayesikiliza polisi wakieleza alivyoingia. Wanajua kwa nini jua la picha zetu kila mara ni la jioni: kwa sababu saa sita mchana saruji huonekana saruji. Wanahesabu viti vya gari la mchezo na kuzidisha kwa idadi ya magari, waone foleni itakuwa ndefu kiasi gani. Wanatazama vivuli. Mtu akiwekwa kwenye picha baada ya jengo kuchorwa, mara nyingi kivuli chake huelekea upande usiofanana na cha nguzo iliyo karibu naye. Hilo limewahi kunitia aibu mbele ya mteja, sitasimulia.

Video za namna hii zina umri. Oktoba 27, 1954, televisheni ya ABC ilianza kurusha kipindi cha Walt Disney kiitwacho Disneyland. Jina la kipindi ndilo jina la bustani, na bustani yenyewe ilikuwa bado vumbi huko Anaheim, California, mahali palipong'olewa michungwa. ABC haikuwa ikitangaza mali ya watu kwa hisani: ilitia dola 500,000 na kudhamini mikopo ya dola milioni 4.5. Mara kwa mara Walt alirudi kwenye skrini na taarifa ya maendeleo, kazi ya majuma ikibanwa ndani ya sekunde, kreni zikikimbia kama sisimizi. Nchi nzima ikajenga naye. Julai 17, 1955 milango ikafunguliwa, na lami mbichi ikanasa visigino vya viatu vya akina mama. Kwa sababu ya mgomo wa mafundi bomba, Walt alikuwa amelazimika kuchagua kati ya vyoo na mabomba ya maji ya kunywa. Akachagua vyoo, na mimi ningechagua hivyohivyo. Katika taarifa zile zote hakuna aliyekuwa ameulizia mabomba. Hakuna video inayoonyesha mabomba.

Miaka 12 baada ya kipindi kile cha kwanza, tarehe ileile, Oktoba 27, 1966, Walt alisimama mbele ya ramani kubwa akarekodi filamu ya mradi wa Florida. Humo alieleza mji kamili wa watu 20,000, katikati yake pamefunikwa paa, magari yakipita chini ya ardhi. Desemba 15 mwaka uleule akafariki. Bustani ya Epcot ilifunguliwa Oktoba 1, 1982, nzuri, yenye tufe kubwa la fedha mlangoni, lakini mji ule wa watu 20,000 haumo. Filamu ndiyo imebaki. Ukimwuliza shabiki wa kweli, atakwambia ahadi ya mdomo hupeperuka, lakini iliyochorwa hurudi kila mwaka kudai.

Sasa njooni karibu na leo, maana hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo.

Kila baada ya miaka miwili hivi Disney hukusanya mashabiki wake ukumbini, California, na kuwaonyesha yanayokuja. Mwaka 2019 walionyesha Epcot mpya: jengo la ghorofa tatu la matamasha, mchezo wa Mary Poppins, yule yaya wa filamu anayeruka kwa mwavuli, katika sehemu ya bustani iliyoigwa Uingereza. Ikaja korona. Ghorofa tatu zikafutwa pakajengwa ukumbi wa chini tu, na Mary Poppins hakushuka na mwavuli wake. Mwaka 2022 mkuu wa bustani hizo, Josh D'Amaro, akaja na lugha nyingine: haya tunayowaonyesha ni mawazo tu. Je, pale penye dinosaria kule Animal Kingdom tukiweka filamu ya katuni ya Moana? Je, tukiweka ile ya Zootopia? Ukumbi ukapiga makofi, lakini nje ya ukumbi moto ukawaka. Kambi moja ikasema: ni heshima kushirikishwa mapema. Kambi ya pili ikasema: umeniita mezani kunionyesha picha ya pilau.

Mimi niko kambi ya pili, nakiri. Hata hivyo sikilizeni kilichofuata. Agosti 2024 D'Amaro huyohuyo alipanda jukwaani akawahakikishia watu kwamba kila watakachokiona usiku ule ni mradi ulio kazini tayari, si wazo. Na pale penye dinosaria? Hapakuwa na Moana wala Zootopia tena, bali eneo la nchi za joto za Amerika, lenye filamu za Encanto na Indiana Jones, la kufunguliwa 2027. Kwa maoni yangu, sentensi ile ya jukwaani iliandikwa na mashabiki. Hakuna kampuni inayojitolea kusema "hii ni kweli" kama hakuna mtu aliyekwisha kuuliza kama ile ya jana ilikuwa kweli.

Jirani na mshindani wao, kampuni ya Universal, alichagua kunyamaza. Agosti 1, 2019 walitangaza bustani mpya Orlando, hukohuko Florida, Epic Universe, kwa mchoro mmoja na maneno machache. Julai 2020 ujenzi ukasimama, Machi 2021 ukaendelea, na orodha rasmi ya maeneo yake yote matano haikutolewa mpaka Januari 30, 2024. Miaka minne na nusu! Mnadhani mashabiki walikaa kimya? Walisoma vibali vya ujenzi, maana kule hati hizo ni za umma. Walisoma maombi ya hataza, yaani ya kulinda uvumbuzi, wakagundua namna ya rolakosta, kigari cha burudani kinachokimbia juu ya reli, yenye reli inayofichwa pembeni na chini, kigari kionekane kinaruka pengo. Picha zikapigwa kutoka kwenye helikopta juma baada ya juma, watu wakahesabu nguzo na kupima misingi kwa kulinganisha na lori lililoegeshwa. Video rasmi ilipokuja, wao walikuwa wameshahamia mle ndani. Waliitazama kama mtu anayekagua risiti.

Na walichobishania zaidi kilinigusa mimi binafsi: kivuli cha mti. Michoro ya bustani ya katikati, Celestial Park, ilikuwa kijani kitupu. Picha za helikopta zilionyesha miche. Florida wakati wa kiangazi ni kama Dar ya Februari, unyevunyevu uleule wa kukufanya uoge mara mbili. Wengine wakasema miti itakua, mpeni mtu nafasi. Wengine wakasema tiketi nimenunua ya mwaka huu, si ya mwaka 2040. Bustani ilifunguliwa Mei 22, 2025, na malalamiko ya jua yakaanza siku zilezile. Naelewa kabisa ilivyotokea. Kwenye kompyuta yangu nina faili la miembe. Nabonyeza, mwembe wa miaka thelathini unatua kwenye kiwanja, hauhitaji kitalu wala maji. Kati ya vyote tunavyochora, mti ndio rahisi kuliko vyote kuuweka na ndio mgumu kuliko vyote kuuleta.

Kwa haki, mara nyingine wenye shaka hushindwa. Saudi Arabia walitoa video za kompyuta za rolakosta iitwayo Falcon's Flight huko Qiddiya, nje ya Riyadh: inaporomoka ukingoni mwa mlima wa Tuwaiq, kilomita 250 hivi kwa saa, reli ndefu kupita kilomita nne. Wajuzi walicheka. Mie nilicheka nao. Halafu nguzo zikaanza kuota jangwani, na mwisho wa 2025 bustani ya burudani ya huko ikafunguliwa, rolakosta ile ikiwamo.

Mnatabasamu kama mambo ya mbali. Shangazi yangu alinunua kiwanja kwa video. Kampuni siitaji. Video ilikuwa na barabara ya lami, watoto wanaendesha baiskeli, na bwawa la kuogelea lenye maji ya rangi ya bahari ya Nungwi. Nilipompeleka kukiona tulikuta mikorosho, njia ya ng'ombe, na bikoni moja ya saruji iliyolala ubavu. Shangazi akaitazama muda mrefu, akaniuliza, "Baba, bwawa liko upande gani?" Hakuwa na hasira. Alidhani tumepotea njia. Tungekuwa na watu kumi tu wa kuipitia ile video pamoja naye kabla hajalipa, kwa ushupavu wa hawa wanaobishania joka la Florida, angeuliza swali hilo ofisini kwao.

Kwa hiyo leo sitawapa maswali ya kuandika. Zimeni taa tena. Mchoro huu ni wa hoteli moja ya ufukweni, nilichora mimi miaka sita iliyopita, na nililipwa vizuri. Hoteli haijajengwa hivyo. Mna dakika kumi. Anzeni na yule bibi mwenye kanga karibu na nguzo: kivuli chake kinaelekea wapi, na jua nimeliweka wapi?